Kilti

Kilti ni vazi la wanaume la Uskoti, nchi iliyoko kaskazini mwa kisiwa cha Britania. Ni kitambaa kirefu cha sufu kinachozungushwa kiunoni na kuishia gotini, chenye marinda mengi nyuma na sehemu bapa mbele. Kwa kawaida hushonwa kwa tartani, yaani kitambaa cha miraba ya rangi mbalimbali.

Leo kilti hutambulika duniani kote kama alama ya Uskoti nzima. Hata hivyo, kwa muda mrefu ilikuwa vazi la watu wa Nyanda za Juu peke yao, na Waskoti wa Nyanda za Chini waliliona kuwa vazi la washenzi na wezi wa ng'ombe. Katika karne ya 18 ilipigwa marufuku kwa sheria, na aliyekutwa ameivaa aliweza kufungwa au kupelekwa uhamishoni. Ilipokuja kupendwa na wafalme na matajiri katika karne ya 19, wazao wengi wa watu walioivaa tangu zamani walikuwa wakifukuzwa kwenye ardhi yao. Kwa sababu hiyo kilti ni mfano unaotajwa mara nyingi na wanahistoria wanapojadili jinsi vazi la jadi linavyotokea, linavyobadilika na nani hunufaika nalo.

Jina

Neno kilti limetokana na kitenzi cha lugha ya Kiskoti chenye maana ya kukunja nguo na kuichomeka kiunoni. Mzizi wake ni wa lugha za Skandinavia.

Wenyeji wa Nyanda za Juu walizungumza Kigaeli, na katika lugha hiyo vazi huitwa fèileadh. Kuna aina mbili zinazopaswa kutofautishwa. Fèileadh mòr, maana yake kilti kubwa, ni vazi la zamani lililofunika mwili wote. Fèileadh beag, kilti ndogo, ni nusu ya chini tu ya vazi hilo, nayo ndiyo mama wa kilti ya kisasa.

Muundo na uvaaji

Kilti ya mtu mzima hutumia kitambaa chenye urefu wa mita 7 hivi. Urefu huo ni mkubwa kwa vazi linaloishia gotini, lakini sehemu kubwa ya kitambaa huingia ndani ya marinda. Marinda hushonwa nyuma na ubavuni, kutoka kiunoni hadi nyongani, kisha huachwa huru hadi chini. Mbele kuna mapande mawili bapa yanayopishana, nayo hufungwa kwa mikanda midogo ya ngozi.

Fundi huweza kukunja marinda kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza hufuata mchoro wa kitambaa, hivyo mtazamaji huona nyuma ya kilti miraba ileile iliyoko mbele. Katika njia ya pili huchagua mstari mmoja na kuurudia katika kila rinda. Njia hii ya pili imezoeleka zaidi jeshini.

Kilti haina mifuko. Kwa hiyo mvaaji hufunga kiunoni mkoba wa ngozi au manyoya uitwao sporani, unaoning'inia mbele. Pini huchomekwa kwenye pande la juu karibu na pindo. Haiunganishi mapande yote mawili, bali hulipa pande la juu uzito lisipeperushwe na upepo. Soksi ndefu za sufu hufika chini ya goti, na katika mavazi rasmi kisu kidogo huchomekwa kwenye soksi moja, mpini wake ukionekana.

Kilti hutofautiana na sketi kwa ushonaji na kwa desturi. Kwa Waskoti ni vazi la kiume, kama vile kikoi kilivyo vazi la kiume katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Hata hivyo wasichana huvaa kilti katika ngoma na mashindano ya kijadi, na sketi za tartani huvaliwa na wanawake.

Tartani

Tartani hufumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi mapema. Mpangilio wa rangi katika nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, hurudiwa vilevile katika nyuzi za mshindio, yaani zile za upana. Pale rangi moja inapokutana na yenyewe hutokea mraba wa rangi kamili. Pale inapokatana na rangi nyingine hutokea mchanganyiko wa rangi hizo mbili. Hivyo nyuzi za rangi mbili hutoa kitambaa cha rangi tatu, nyuzi za rangi tatu hutoa rangi sita, na za rangi nne hutoa kumi.

Ufumaji wa miraba ni wa zamani sana. Karibu na mji wa Falkirk kilipatikana kipande cha kitambaa cha karne ya 3 kikiwa pamoja na hazina ya sarafu za Kirumi. Kina miraba ya rangi mbili tu, zile za asili za sufu ya kondoo. Kipande kingine kilichopatikana kwenye udongo wa kinamasi huko Glen Affric kimekadiriwa kuwa cha miaka ya 1500 hadi 1600, nacho kilionyeshwa kwa umma katika jumba la makumbusho la V&A Dundee mwaka 2023. Hicho kina rangi zilizotiwa kwa makusudi.

Wafumaji wa kale walitumia rangi za mimea na kuvumwani, pamoja na nili iliyonunuliwa kutoka ng'ambo. Michoro ilitegemea ladha ya mfumaji, rangi zilizopatikana na uwezo wa mnunuzi. Mtu mmoja aliweza kuvaa tartani mbili au tatu kwa pamoja. Imani ya kwamba kila ukoo ulikuwa na tartani yake tangu kale haiungwi mkono na ushahidi wa karne hizo. Katika vita vya 1745–1746 wafuasi wa mwanamfalme Charles Edward Stuart walitambuana kwa utepe mweupe kofiani, si kwa miraba ya nguo zao.

Historia

Kilti kubwa

Hadi karne ya 16 watu wa Nyanda za Juu walivaa shati refu la kitani na joho la sufu juu yake. Maelezo ya kwanza yaliyo wazi kuhusu kilti kubwa yanahusu mwaka 1594. Yanapatikana katika maandishi ya Kiayalandi yanayoeleza askari wa kukodiwa waliotoka visiwa vya magharibi mwa Uskoti kwenda kupigana nchini Ayalandi. Mwandishi aliwatofautisha na Waayalandi kwa sababu walifunga mikanda yao nje ya majoho.

Kilti kubwa ilikuwa kitambaa kimoja kisichokatwa wala kushonwa kwa umbo la mwili. Mitambo ya kufumia ya nyumbani ilikuwa myembamba, kwa hiyo vipande viwili viliunganishwa ubavu kwa ubavu ili kupata upana wa kutosha. Mvaaji alikikunja kitambaa marinda, akajifunga mkanda kiunoni, kisha nusu ya juu akaitupia begani au kujifunika kichwa wakati wa mvua. Usiku alifungua mkanda akajifunika kama blanketi. Kwa mchungaji aliyelala nje katika nchi yenye baridi na mvua nyingi, vazi hilo lilikuwa nguo, koti na tandiko kwa wakati mmoja.

Kilti ndogo

Mwanzoni mwa karne ya 18 baadhi ya wanaume walianza kuvaa nusu ya chini pekee. Barua iliyoandikwa mwaka 1768 na kuchapishwa mwaka 1785 inadai kwamba mabadiliko hayo yaliletwa na Thomas Rawlinson, Mwingereza aliyemiliki tanuri la kuyeyushia chuma huko Glengarry. Kwa mujibu wa barua hiyo, Rawlinson aliona kwamba kilti kubwa iliwazuia vibarua wake kukata miti na kufanya kazi tanurini, akaagiza ikatwe.

Dai hilo limezua ubishi hadi leo. Kwa upande mmoja, linaonyesha kwamba alama kuu ya utaifa wa Waskoti ilibuniwa na mwajiri kutoka Uingereza. Kwa upande mwingine, wanahistoria kadhaa hushikilia kwamba watu waliokuwa na kitambaa kifupi wangeweza kukivaa kiunoni bila kufundishwa na mtu, na kwamba Rawlinson aliieneza tu desturi iliyokuwepo.

Marufuku ya mwaka 1746

Mwaka 1688 mfalme James wa ukoo wa Stuart alipinduliwa. Wafuasi wake na wa wazao wake waliasi mara kadhaa, na Nyanda za Juu zilitoa wapiganaji wengi. Uasi wa mwisho ulianza mwaka 1745 chini ya mjukuu wake, Charles Edward Stuart. Jeshi lake lilivaa mavazi ya Nyanda za Juu, hata baadhi ya askari waliotoka Nyanda za Chini. Uasi ulikomeshwa tarehe 16 Aprili 1746 katika mapigano ya Culloden, ambayo yalidumu kwa muda usiozidi saa moja.

Baada ya ushindi, serikali ya London iliazimia kuvunja kabisa nguvu za koo. Wakuu wa koo walinyang'anywa mamlaka ya kuhukumu watu wao, silaha zilikusanywa, na Bunge likapitisha sheria iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa kilti, kubwa au ndogo, au koti la tartani. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa kifungo cha miezi sita bila dhamana. Kosa la pili lilimfanya mhalifu asafirishwe kwenda mashamba ya makoloni ng'ambo kwa muda wa miaka saba. Wanawake hawakuguswa na sheria hiyo. Askari wa mfalme pia waliruhusiwa kuendelea kuvaa.

Sheria haikutofautisha waasi na watiifu. Koo zilizopigana upande wa serikali zilivuliwa mavazi sawasawa na zile zilizoasi. Mshairi Donnchadh Bàn Mac an t-Saoir, ambaye alikuwa amepigana katika jeshi la serikali, alitunga shairi la Kigaeli kulalamikia suruali waliyolazimishwa kuvaa na malipo mabaya waliyopewa kwa utiifu wao.

Usimamizi wa sheria ulikuwa mkali katika miaka ya mwanzo, kisha ukalegea. Sheria ilifutwa mwaka 1782, miaka 36 baadaye. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Culloden alikuwa sasa mtu mzima mwenye watoto wake, na huenda hakuwahi kuvaa kilti kihalali. Ujuzi wa kufuma na kutia rangi ulikuwa umepungua katika maeneo mengi, na watu wa kawaida walikuwa wamezoea suruali. Hawakuirudia kilti kama vazi la kila siku.

Kilti jeshini

Vazi lililokatazwa kwa raia liliendelea kuishi jeshini. Mwaka 1739 vikosi vya ulinzi vya Nyanda za Juu viliunganishwa kuwa rejimenti iliyokuja kujulikana kama Black Watch, yenye tartani ya kijani, buluu na nyeusi. Baada ya Culloden rejimenti nyingine ziliundwa, na vijana wa Nyanda za Juu walipelekwa kupigania dola la Uingereza Amerika ya Kaskazini, India na kwingineko. Kwa kijana aliyetaka kuvaa nguo za baba yake bila kufungwa, njia ya wazi ilikuwa kujiunga na jeshi la mfalme aliyeikataza.

Jeshi liliibadilisha kilti. Lilihitaji sare zinazofanana, hivyo michoro ya tartani ilisawazishwa. Mwishoni mwa karne ya 18 marinda yalianza kushonwa yakae mahali pake, badala ya kukunjwa upya kila asubuhi. Mahitaji ya jeshi yalikuza pia viwanda. Kampuni ya Wilson ya Bannockburn, iliyoziuzia rejimenti vitambaa, iliweka mwaka 1819 kitabu cha michoro yake yote. Baadhi ya michoro ilitambulishwa kwa namba tu, na mingine ikapewa majina ya miji au watu mashuhuri.

Umaarufu wa askari hao ulienea katika makoloni na kuacha alama hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Vikundi vya ngoma ya beni, ambavyo viliiga gwaride, vyeo na sare za kijeshi mwanzoni mwa karne ya 20, vilipenda majina ya aina hiyo. Mjini Mombasa, kikundi kilichoshindana na Kingi kilijiita Scotchi, jina linalotokana na Waskoti.

Rejimenti za Nyanda za Juu zilivaa kilti hata katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, zikiifunika kwa aproni ya kaki. Sufu ilinyonya maji na matope ikawa nzito, na chawa walizaliana ndani ya marinda. Tangu mwanzo wa Vita Kuu ya Pili kilti iliondolewa kwenye mapigano, ikabaki vazi la gwaride.

Ziara ya mfalme na kuhamishwa kwa watu

Mwezi Agosti 1822 mfalme George IV alitembelea Edinburgh. Tangu katikati ya karne ya 17 hakuna mfalme aliyekuwa madarakani aliyefika Uskoti. Mwandishi wa riwaya Walter Scott alipanga sherehe hizo na kuwataka waungwana wahudhurie kwa mavazi ya Nyanda za Juu. Mfalme mwenyewe alivaa kilti. Alikuwa wa nasaba ileile ya kifalme ambayo jeshi lake lilishinda Culloden. Baada ya ziara hiyo mabwana wa Nyanda za Chini, ambao mababu zao waliidharau kilti, waliagiza za kwao. Baadaye malkia Victoria na mumewe Albert walinunua Balmoral, na Albert alibuni tartani ya familia yao.

Wakati huohuo watu wa Nyanda za Juu walikuwa wakiondolewa vijijini. Wamiliki wa ardhi, wengi wao wakiwa wakuu wa koo, waliona kwamba kondoo wangeleta faida kubwa kuliko kodi ya wakulima wadogo. Huko Sutherland maelfu ya watu walihamishwa katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 19, na nyumba nyingi zilichomwa moto ili wasirudi. Wengine walisukumwa ukanda wa pwani, wengine walivuka bahari kwenda Kanada na kwingineko.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Alasdair Ranaldson MacDonell, mkuu wa Glengarry. Alichorwa na Henry Raeburn akiwa amevaa tartani kutoka bega hadi mguu, na mwaka 1815 alianzisha chama cha kutunza mavazi na desturi za Nyanda za Juu. Katika ardhi yake, wakati huo, wapangaji walikuwa wakiondolewa ili kupisha kondoo.

Tartani za koo

Mwaka 1815 Chama cha Nyanda za Juu cha London kiliwaomba wakuu wa koo walete sampuli za tartani zao. Baadhi yao hawakujua tartani ya ukoo wao ni ipi na walilazimika kuulizia kwa wazee au kwa wafumaji. Wafanyabiashara walikuwa na sababu ya kuwasaidia, kwa kuwa kila jina jipya la ukoo lilifungua soko jipya.

Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart, na kudai kuwa wajukuu wa Charles Edward Stuart, walitoa kitabu kiitwacho Vestiarium Scoticum. Walisema kimetokana na mswada wa kale wenye maelezo ya tartani za koo. Mswada huo haukuwahi kuthibitishwa, na wataalamu wanakihesabu kitabu hicho kuwa cha kughushi. Hata hivyo tartani kadhaa zilizomo zimevaliwa na familia kwa vizazi vingi sasa, na ni tartani halali za koo hizo.

Mjadala kuhusu ukweli wa jadi

Mwaka 1983 mwanahistoria Hugh Trevor-Roper aliandika kwamba mavazi ya Nyanda za Juu ni jadi iliyobuniwa. Insha yake ilitoka katika kitabu kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger. Ranger, aliyewahi kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 na baadaye kuandika kitabu kuhusu beni, aliandika humo sura kuhusu jadi zilizobuniwa katika Afrika ya kikoloni.

Wapinzani wa Trevor-Roper hukubali kwamba tartani za koo ni za karne ya 19, lakini hukumbusha kwamba kilti kubwa na ufumaji wa miraba vilikuwepo kabla ya hapo. Husema pia kwamba Bunge lisingetunga sheria dhidi ya vazi lisilo na maana kwa wavaaji wake. Wengi leo huchukua msimamo wa kati: kitambaa ni cha kale, mkato wake ni wa karne ya 18, na mpangilio wa koo ni wa karne ya 19.

Kilti leo

Siku hizi kilti huvaliwa hasa katika harusi, mahafali, ngoma, mashindano ya michezo ya Nyanda za Juu na mechi za timu ya taifa ya soka. Kilti iliyoshonwa kwa mkono ni ghali, hivyo wengi huikodi dukani kwa siku ya shughuli. Kuna pia kilti za bei nafuu zilizotengenezwa nje ya Uskoti kwa nyuzi zisizo za sufu, ambazo huuzwa zaidi kwa watalii.

Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha daftari rasmi la tartani, lililofunguliwa mwaka 2009 na kutunzwa na idara ya kumbukumbu za taifa ya Uskoti. Mtu yeyote mwenye sababu ya kueleweka anaweza kuandikisha tartani mpya kwa kulipa ada. Miji, vyuo, makampuni, jumuiya za wahamiaji na hata watu binafsi wameandikisha za kwao. Mtu asiye na ukoo wa Kiskoti huweza kuvaa tartani zisizofungamana na ukoo wowote, na hakuna sheria inayomkataza kuvaa ya ukoo mwingine, ingawa desturi humtaka achague ile yenye uhusiano naye.

Tarehe 6 Aprili huadhimishwa kama Siku ya Tartani nchini Kanada na Marekani. Washiriki wake wengi ni wazao wa Waskoti waliovuka bahari katika karne ya 18 na ya 19, na miongoni mwao wapo ambao mababu zao walihamishwa kutoka Nyanda za Juu.